Istilahi "Wingu" na "Pepe" katika Ufundishaji wa Usimamizi wa Kompyuta: Mtazamo kutoka Kolwezi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki istilahi mbili za Kiswahili zilizoenea katika fani ya kompyuta, nazo ni wingu na pepe. Hatukusudii kuzipinga kwa sababu ni ngeni au ni tafsiri. Lugha zote hukopa, na Kiswahili cha Katanga, kilichokulia katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, ni shahidi wa jambo hilo. Swali letu ni jingine: je, istilahi hizi humsaidia mwanafunzi anayejifunza kusimamia mitambo, au humficha kile hasa anachopaswa kukijua?

Swali hili lilitujia kwa njia ya hasara. Miaka kadhaa iliyopita tulishiriki katika mradi mmoja wa kurekodi wastaafu wa migodi ya Kolwezi wakisimulia maisha yao ya kazi. Sauti zao na maandishi yake vilihifadhiwa katika kompyuta za kukodi zilizoko ng'ambo. Kila tulipouliza viko wapi, tulijibiwa kwamba viko kwenye wingu, na kwa hiyo haviwezi kupotea. Mradi ulipokwisha, malipo yalikatika. Akaunti ilikuwa kwa jina la mtu mmoja aliyekwisha kuondoka, na namba ya kuthibitisha kuingia ilipelekwa kwenye simu yake peke yake. Baada ya muda hifadhi ilifutwa. Kilichobaki ni kile ambacho mwanafunzi mmoja alikuwa amekinakili katika flashi yake. Baadhi ya wazee wale wamekwisha kufariki, na hakuna wa kuwarekodi tena.

2.0 Wingu

Asili ya istilahi hii inajulikana. Wahandisi wa mawasiliano walipochora mtandao, walichora wingu mahali ambapo mambo ya ndani hayakuhitaji kuelezwa. Katika mchoro, basi, wingu lilikuwa na maana ya "hapa hapatuhusu". Kwa mtumiaji wa kawaida maana hiyo inatosha. Anayetuma picha kwa ndugu yake hahitaji kujua picha inapita wapi wala inalala wapi.

Lakini msimamizi si mtumiaji. Kazi yake ndiyo hiyo iliyomo ndani ya wingu. Yeye ndiye anayechagua mashine ziwashwe katika mji gani, anayegawa anwani za mtandao, anayeamua mlango upi ufunguliwe na upi ufungwe, na anayeandika nani aruhusiwe kusoma, nani aruhusiwe kufuta. Kumfundisha kazi hiyo kwa neno lililobuniwa ili kuificha ni kumwanzishia somo kwa kumfumba macho.

Tena, neno halitui mahali patupu. Kolwezi, wingu la miezi ya mvua huleta radi, na mara nyingi radi hukata umeme. Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa mzaha: mvua ikinyesha, data zetu zitalowa? Darasa lilicheka, lakini mzaha ule ulikuwa na hoja. Wingu hupita, hubadilika, halina mwenyewe. Vituo vya data ni kinyume chake. Ni majumba yenye anwani, walinzi, mitambo ya kupoza hewa na ankara za umeme. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020. Nyaya za umeme za majumba hayo ni za shaba, na baadhi ya betri za akiba zina kobalti. Wakazi wa Lualaba, ambao ardhi yao hutoa madini hayo mawili, wangekuwa watu wa mwisho kuambiwa kwamba kompyuta hizi zinaelea angani.

3.0 Pepe

Istilahi ya pili ilizoeleka kupitia barua pepe, kisha ikapanuliwa hadi mashine pepe. Wengine husema mashine dhahania. Hapa kasoro ni kubwa zaidi. Kwa msikilizaji wa Kolwezi, ambaye mara nyingi anajua Lingala pia, pepe humkumbusha mopepe, yaani upepo. Na upepo hauko mbali na pepo. Nayo dhahania ni jambo la kuwaziwa tu. Kwa maneno yote mawili, mwanafunzi huelewa kwamba mashine hiyo haipo.

Ukweli ni kwamba ipo, na inakula. Wazo lenyewe ni la miaka ya 1960, wakati kampuni ya IBM ilipotafuta namna ya kuwafanya watu wengi watumie kompyuta moja kubwa, kila mmoja akiiona kana kwamba ni yake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliieleza mashine ya namna hii kuwa nakala ya mashine halisi, iliyotengwa na yenye ufanisi. Programu moja ya usimamizi hugawa kichakato, kumbukumbu na diski za kompyuta halisi kwa mashine kadhaa. Kila moja ina sehemu yake, na kila sehemu hulipiwa, hata kama hakuna anayeitumia.

Kwa hiyo tunapendekeza jozi ya mwenyeji na mgeni: mashine mwenyeji ni ile ya chuma, na mashine mgeni ni ile inayokaa ndani yake. Jozi hii hutaja uhusiano, nao uhusiano ndio unaofundishwa. Mwenyeji akianguka, wageni wake wote huanguka. Mgeni akiondolewa, diski yake ya muda huondoka naye, isipokuwa vitu vyake viwe vimewekwa katika hifadhi iliyo nje yake. Na mashine iliyowashwa bila kazi humrudisha mwanafunzi kwenye methali anayoijua tangu utotoni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

4.0 Pingamizi

Litatolewa pingamizi kwamba wingu limekwisha kukubalika, na kwamba Wafaransa husema nuage bila madhara. Kukubalika ni kigezo halali cha istilahi, nasi hatuombi neno hilo lifutwe magazetini. Lakini usahihi na uwazi ni vigezo pia. Mfafanuzi unaotumiwa sana, uliotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2011, hautegemei taswira ya wingu hata kidogo. Hutaja sifa tano, miongoni mwake kujihudumia, kuchangia rasilimali na kupimwa kwa matumizi. Yote hayo ni mambo ya ukodishaji. Wingu na libaki kuwa jina, ila maelezo ya darasani yawe ya kompyuta za kukodi.

5.0 Hitimisho

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inashughulikia pia ulinzi wa data za watu, na hakuna awezaye kulinda kitu asichojua kilipo. Tungependa kila mhitimu wa Kolwezi, kabla ya kukabidhiwa hifadhi ya hospitali, ya mgodi au ya idara ya lugha, aweze kujibu kwa Kiswahili maswali manne: mgeni huyu anakaa kwa mwenyeji gani, anafikiwa kwa njia ipi, vitu vyake vimewekwa mji gani, na ufunguo uko kwa nani, pamoja na nani mwingine endapo huyo ataondoka.

Wazee wetu wa migodini hawakuwa na istilahi sanifu, lakini walipokabidhi zana mwisho wa zamu waliulizana swali moja: bintu biko wapi? Katika mradi wetu tuliliuliza swali hilo, tukaridhika na jibu la wingu. Hatukupaswa kuridhika.