Karatasi Isiyojua Kuchuna Chai

Kuna karatasi moja nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka huu. Ni fotokopi ya fotokopi, herufi za kushoto zimeanza kupotea pembeni. Nilipewa na msee aliyenichora tatoo, kwenye chumba kilicho juu ya kinyozi, Kericho mjini. Upande mmoja unasema ujiandae vipi kabla ya miadi, upande wa pili unasema utunze vipi ukishachorwa. Kila mteja hupewa. Anaikunja, anaitia mfuko wa nyuma, inafuliwa pamoja na suruali. Yangu haikufuliwa, na nataka kuihakiki kama maandishi mengine yoyote, maana ni maandishi ambayo mtu anayatii kwa mwili wake.

Nianze na sifa. Upande wa kwanza hauna porojo. Lala vizuri. Kula kabla ya kuja, usije ukazimia kwenye kiti. Usinywe pombe siku moja kabla. Usimeze aspirini kama daktari hajakuandikia, kwa sababu damu itatoka zaidi. Hakikisha sindano ni mpya na imefunguliwa mbele yako. Hiyo ya mwisho ningeiandika kwa herufi kubwa: homa ya ini aina ya B na C, pamoja na virusi vya Ukimwi, haviangalii kama ulipewa bei ya beshte.

Upande wa pili nao una sentensi moja ninayoiheshimu. Inasema tatoo ni jeraha. Watu wengi hufikiri ni rangi iliyopakwa, kumbe sindano hupita ngozi ya juu na kuacha wino kwenye ngozi ya ndani, ambako seli za kinga huumeza zikidhani ni uchafu. Mwaka wa 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba seli hizo zikifa wino hutoka na seli mpya huudaka tena. Yaani ile picha iliyotulia mkononi hupokezanwa kama kijiti cha mbio. Karatasi haifiki huko, lakini kwa neno hilo moja, jeraha, inamtoa msomaji kwenye mapambo na kumrudisha kwenye nyama.

Shida yangu ni huyo msomaji wanayemwandikia. Karatasi iko kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mtu anayekaa karibu na ufuo. Usiogelee baharini. Usiingie bwawa la maji moto. Usiote jua. Kutoka hapa hadi Mombasa ni safari ya usiku mzima kwa basi, na sijawahi kumwona mtu wa Litein akiota jua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani upande wa Konoin, kaunti ya Bomet. Usiku naandika, asubuhi nachuna majani. Shamba letu ni dogo. Tunachuna majani mawili na chipukizi, tunabeba kapu hadi kituo cha kununulia, karani anapima, lori la kiwanda linachukua. Sasa soma tena ile amri ya kwanza kabisa: uje na ngozi isiyo na mkwaruzo. Kwa Kiingereza ni maneno machache sana. Siku ya miadi yangu msee aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akacheka kidogo. "Boss, hapa siwezi. Majani chai yamekuchora kabla yangu. Rudi ikipona." Hiyo ilikuwa wiki moja bila kuchuna, na sindano bado.

Baada ya sindano, ngozi ya juu huhitaji kama wiki mbili hadi nne kufunga. Isilowe kwa muda mrefu, isipigwe jua, isisuguliwe. Chai huchunwa na umande. Aproni ya plastiki inakinga kifua na mapaja, lakini mikono inaingia kwenye majani mabichi hadi kiwikoni. Ukivaa shati la mikono mirefu, linalowa na kuganda kwa kidonda. Mchana mvua inakuja, na Kericho mvua ikija huleta mawe. Katikati ya hayo kuna jua la milimani, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambalo linakuunguza huku baridi ikikudanganya kwamba hakuna jua.

Na chai haingoji mtu apone. Mzunguko wa kuchuna unarudi baada ya wiki moja au mbili. Ukichelewa, majani yanakomaa na karani anayakataa. Kwa hiyo mama alichukua laini zangu juu ya zake. Jioni moja aliniuliza karatasi inasema nini, nikamsomea yote, nikimtafsiria.

"Na inasema nani atachuna?"

"Haisemi, mama."

"Basi aliyeiandika ana mtu wa kumchunia."

Nimesoma wahakiki wenye digrii tatu, hakuna aliyenipiga hivyo. Siku ya nane aibu ilinishinda, nikaingia shambani. Magaga yakang'oka na mstari mmoja karibu na kiganja ukatawanyika. Karatasi ilikuwa imeonya. Hapo haina kosa.

Makosa yake yako kwingine, na si madogo. Inasema ukiona ngozi imekuwa nyekundu umwone daktari. Ngozi ya nani? Kwenye mkono wangu wekundu hauonekani vizuri. Unaweza kungoja rangi ibadilike mpaka homa ikukute kitandani. Mtu mweusi aambiwe atafute joto, uvimbe, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha. Tena haitaji keloidi hata mara moja, zile kovu zinazovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, ingawa ngozi nyeusi ndiyo huzipata zaidi. Swali la kama wewe au mtu wa familia yenu ana keloidi lingekuwa la kwanza kwenye upande wa kwanza, kabla hata ya mambo ya kulala.

Kuhusu mafuta, inashauri losheni isiyo na manukato, tabaka jembamba. Nyumbani losheni ni Arimis, ile ya kukamulia, ambayo Wakenya tuliihamisha kutoka kwa chuchu za ng'ombe hadi magoti ya watoto wa shule. Mama aliipakua kwa vidole viwili kama anaenda zizini, na kopo lenyewe lilikuwa limetoka zizini. Mafuta mazito namna hiyo hufungia jasho na uchafu ndani ya kidonda. Karatasi iliyoandikwa Bomet ingesema: nunua kopo lako, paka kidogo, usichangie na ng'ombe.

Mchoro wenyewe? Majani mawili na chipukizi. Nakubali haukuwa ubunifu; picha kama hiyo iko kwenye pakiti za chai, na kuna siku nauangalia naona nimejibandika lebo. Vidole vya mama vina rangi nyeusi ya utomvu wa majani kwenye kila mfereji, na akikaa wiki kadhaa bila kuchuna inafifia. Yangu haitafifia hivyo, na hilo hunisumbua kuliko mstari uliotawanyika.

Kogo, nyanya yangu, ana ndewe zilizopanuliwa kwa vijiti tangu akiwa msichana, kama wanawake wengi wa Kipsigis wa rika lake. Nilimuuliza alizitunza vipi zikiwa mbichi. Akasema hakuzitunza yeye. Dada zake walimkatia kuni na kumtekea maji hadi zikapona.

Nilipoenda kurekebishiwa ule mstari, karatasi ilikuwa imejaa maandishi yangu ya biro pembeni. Msee aliisoma akiwa amesimama. Ya keloidi akasema ataiongeza, ya wekundu pia, akaipiga picha kwa simu. Akafika pale nilipoandika kwamba mteja apange nani atafanya kazi yake wiki hizo.

"Hiyo sasa ni ya nyumbani, boss," akasema, akavaa glavu.