Uhuru wa Nani? Askari na Maana ya Uhuru katika Utenzi wa Shaaban Robert

Vitabu vichache vya Kiswahili vina jina lenye kutatiza kama Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert (1909-1962). Utenzi huu mrefu, wenye beti takriban 3,000, ulichapishwa mwaka 1967, miaka sita baada ya Tanganyika kujitawala. Msomaji wa mwaka ule aliweza kudhani kwamba unasimulia mapambano ya kumwondoa mkoloni. Sivyo. Vita vinavyosimuliwa ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na upande unaoitwa wa uhuru ni ule wa Uingereza na wenzake, yaani upande uleule uliokuwa ukiitawala nchi ya mtunzi. Swali letu basi ni hili: uhuru huo ulikuwa wa nani, na askari Mwafrika aliyeupigania alikuwa na fungu gani ndani yake?

Sehemu ya jibu imo katika fani. Tenzi za kale za vita, tangu ule wa Herekali wa mwaka 1728, zilirithisha mpango maalumu: majeshi mawili, moja la haki na jingine la batili, na ushindi unaojulikana tangu mwanzo. Katika mpango huo Hitler alipata mahali pake bila taabu, pale palipokuwa pa adui wa dini. Lakini mpango wenyewe hauna nafasi ya mtu wa tatu, yaani yule anayepigana upande wa haki huku mwenyewe akiwa ametawaliwa.

Ni rahisi kumhukumu mshairi kwamba alidanganyika. Hukumu hiyo haitoshi. Katika lugha ya wazee, uhuru ulikuwa kinyume cha utumwa kabla haujawa jina la bendera. Mtu mweusi aliyesikia mafundisho ya Hitler juu ya ubora wa damu hakuhitaji kuwa kibaraka wa Mwingereza ili aombe Hitler ashindwe. Kwa maana hiyo jina la utenzi si uongo. Ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili sisi wa Lubumbashi tunaijua vizuri. Mwezi Julai 1941 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, waliwashinda Waitalia kule Saio, Ethiopia, na jenerali wa Kiitalia akasalimu amri. Ulikuwa ushindi wa uhuru. Mwezi Desemba mwaka uohuo, wafanyakazi wa Union Minière waligoma mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara ya kutosha. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wa jeshi hilohilo wakaamriwa kuwapiga risasi. Makumi waliuawa. Mwaka 1944 askari wenyewe waliasi kule Luluabourg. Bunduki ni ileile na sare ni ileile. Kilichobadilika ni amri. Mpango wa utenzi hauwezi kuyachukua matukio hayo mawili pamoja, kwani unamtambua askari kwa kambi yake, wala haumwulizi anamtii nani na kwa sheria gani.

Swali hilo Shaaban Robert aliliuliza kwingine. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Hana jeshi. Anasimama mbele ya mfalme na baraza akiwa na hoja tu, akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema ya nchi, kisha wakatupwa gerezani waliporudi. Mwishoni Karama anaachwa huru, na wajumbe wanafunguliwa. Hapa uhuru ni haki ya raia kusema mbele ya mamlaka bila kuangamizwa, hata pale ambapo hakuna adui wa nje wa kufukuzwa.

Ndiyo maana twaona kwamba vitabu hivi viwili visifundishwe mbalimbali. Utenzi unatupa askari asiye na sheria juu yake ila amri ya mkubwa; riwaya inatupa sheria isiyo na askari wa kuilinda. Kila kimoja kinaonyesha pengo la mwenzake. Nasi tuliosikia neno ukombozi mwaka 1997, likiletwa hadi Kinshasa na jeshi ambalo ndani yake mlikuwa na watoto walioitwa kwa Kiswahili kadogo, hatuwezi kulisoma pengo hilo kama jambo la vitabu peke yake. Mwanafunzi anayekutana na maneno vita vya uhuru, katika ushairi au katika hotuba, na aanze kwa kuuliza: baada ya ushindi, je, Karama ataruhusiwa kusema? Askari atakayemlinda Karama hata anapomlaumu mtawala, huyo ndiye mlinzi wa uhuru.