Arusi ya Leningrad

Katika filamu za kumbukumbu zihusuzo Wayahudi wa Urusi ya Kisovieti na madai yao ya kuihama nchi ile, iko moja iitwayo Operation Wedding, iliyotolewa mwaka 2016 na Anat Zalmanson-Kuznetsov. Jambo lenyewe limekwisha andikwa sana. Kilicho kigeni ni msimulizi. Anayesimulia ni binti, na wanaosimuliwa ni mama yake, Sylva Zalmanson, na baba yake, Eduard Kuznetsov. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Nataka kupima hapa ngozi imevutwa kiasi gani, na kama sauti ya ngoma imeharibika kwa kuvutwa huko.

Yafaa kwanza msomaji alijue tukio. Katika miaka ile Myahudi aliyeomba ruhusa ya kwenda Israeli aghalabu alinyimwa, na kule kuomba tu kuliweza kumpotezea kazi. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema katika kifungu cha 13 kwamba kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata iliyo yake mwenyewe. Siku lilipopitishwa, Urusi ya Kisovieti ilijizuia kupiga kura. Basi watu 16 wakaazimia kutoka bila ruhusa. Wangenunua tikiti zote za ndege ndogo yenye viti 12, wakijifanya ni jamaa waendao arusini, ili asiwemo abiria mwingine wa kuhatarishwa. Mahali ndege itakapotua njiani, marubani wangefungwa kamba na kuachwa chini, na Mark Dymshits, aliyewahi kuwa rubani wa jeshi, angeirusha ndege mpaka Uswidi. Tarehe 15 Juni 1970 walikamatwa kabla hata mmoja hajapanda.

Katika michezo ya kuigiza ya kuchekesha, arusi huwa mwisho: mafundo yamefunguka, watu wanakula. Hapa arusi ni vazi la kujifichia, na chini ya vazi hilo kuna watu waliokwisha hisi kwamba wanafuatwa na askari wa siri wa KGB, lakini wakaenda. Walikuwa wameacha nyuma waraka wa wasia, usomwe ulimwenguni ikiwa watauawa au watashikwa. Maana yake ni kwamba safari ile ilikuwa neno kabla ya kuwa mwendo. Waliojua kuwa huenda wasifike walitaka angalau wasikike. Na haikuwa mara ya kwanza kwa Kuznetsov kulipa gharama ya maneno: mwaka 1961 alitiwa mbaroni kwa ajili ya mikutano ya kusoma mashairi hadharani mjini Moscow na maandishi yaliyopitishwa kwa siri, akakaa kifungoni miaka saba. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kama fasihi yaweza kumdhuru mtu. Huyu ni jawabu mojawapo.

Filamu yaingia katika ugomvi juu ya jina. Nchi za Magharibi waliitwa mashujaa. Urusi waliitwa magaidi, na jina hilo halijafutika huko. Binti anajibu kwa kutuonyesha nyuso za wazee wake na kutusikilizisha sauti zao, na jawabu hili lina nguvu, kwa kuwa ni vigumu kumsikiliza Sylva Zalmanson na kuendelea kuliamini lile jina baya. Walakini, uso si hoja. Kundi lile lilikuwa na bastola, na marubani wasiokuwa na kosa wangefungwa kamba. Mimi sioni kwamba mambo haya yanawafanya kuwa magaidi, kwa sababu mpango mzima ulishonwa ili asife mtu. Lakini wakili mwema huiweka mezani mwenyewe ile bastola, kabla mshitaki hajaishika. Ningependa filamu ikae na marubani wale wawili muda mrefu zaidi. Mtoto, lakini, hawezi kuwa kadhi wa mama yake, wala hapana haki ya kumdai awe.

Kesi ilisikizwa Desemba 1970. Shitaka kubwa lilikuwa kuisaliti nchi. Sylva, mwanamke pekee miongoni mwa washitakiwa, alihitimisha maneno yake mahakamani kwa Kiebrania, akapewa miaka 10. Tarehe 24 Kuznetsov na Dymshits walihukumiwa kufa. Kelele zikapigwa duniani. Katika juma lile lile, Franco wa Hispania, ambaye hakuna aliyemsifu kwa upole, aliwasamehe kifo Wabaski waliohukumiwa Burgos; Moscow ingeonekanaje kama ingekuwa katili kumshinda yeye? Tarehe 31 hukumu za kifo zikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 15.

Baada ya hapo mlango ulifunguka kidogo. Mwaka 1970 waliotoka walikuwa yapata 1,000. Mwaka 1971 walikaribia 13,000. Mwaka 1972 walizidi 30,000. Waliougonga mlango wenyewe walibaki ndani: Sylva mpaka 1974, Kuznetsov na Dymshits mpaka 1979, wote wakitolewa kwa kubadilishwa na wapelelezi wa Kisovieti waliokamatwa ugenini. Kinaya hiki ndicho moyo wa filamu, na hapo mtengenezaji hakosei hata kidogo. Haombi machozi, tarehe zenyewe zinatosha.

Lakini mle kundini walikuwamo wawili wasiokuwa Wayahudi: Yuri Fedorov, Mrusi, na Alexei Murzhenko, wa Ukraina. Walikuwa wamejuana na Kuznetsov kifungoni, wala Israeli haikuwa ahadi yao. Walichotaka ni kutoka tu. Fedorov alipewa miaka 15, Murzhenko 14. Filamu iliyojengwa juu ya baba na mama haiwezi kuwapa hawa nafasi inayowastahili, na hapa ndipo ngozi ilipovutwa sana. Kwani kama kisa ni cha Wayahudi kurudi kwao, wawili hawa ni waalikwa tu wa arusi. Bali kama ni cha haki ya mwanadamu kuondoka, basi wao ni mashahidi wake wakubwa. Mashirika yaliyowapigania wengine hayakuwa na sababu ileile ya kuwapigania wao, wala hawakubadilishwa na mpelelezi yeyote. Murzhenko alitoka mwaka 1984 na Fedorov mwaka 1985, na wakati huo Kuznetsov alikuwa na miaka sita nje ya Urusi.