Wino wa Mzingefuri: Shajara ya Livingstone na Nakala Iliyotoka Kwihara

Mtu afikapo Kwihara, karibu na Tabora, huonyeshwa tembe ambamo David Livingstone na Henry Stanley walikaa tangu tarehe 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley alishika njia ya pwani, akichukua kitabu kikubwa kilichotiwa lakiri, chenye habari za Livingstone tangu mwaka 1866. Horace Waller alikitumia sana katika kitabu alichochapisha mwaka 1874, na kwa zaidi ya miaka mia wasomaji walikiamini kana kwamba ndicho jicho lililoona.

Lakini kwa habari za mwaka 1871 kitabu hicho ni nakala, na asili yake ni makaratasi duni. Huko Manyema Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti la Kiingereza la mwaka 1869, mistari yake ikikatiza ile ya chapa, kwa wino wa mbegu za mzingefuri. (Yeye aliandika “zingifure”. Mswahili hulitambua neno hilo papo hapo, ambapo mgeni hukwama. Kumbe kusoma hati si kazi ya macho peke yake.) Wino ukapauka, chapa ikabaki nyeusi. Ilipofika mwaka 2011 ndipo jopo lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipoweza kuyatoa maneno hayo, kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali.

Tazama sasa habari ya tarehe 15 Julai 1871, siku ya mauaji ya sokoni Nyangwe. Nakala imepangwa vema, na kwa ufasaha yaipita shajara. Hata hivyo shajara yawalaumu zaidi watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa wa Mabaniani waliopelekwa kwake kutoka Unguja, na wachunguzi hao wamedokeza kuwa huenda baadhi yao walishiriki. Katika kunakili, lawama hiyo imepunguzwa.

Sioni kwamba tumepata ushahidi wa kutosha kuwahukumu watu hao: kalamu ni ya bwana aliyekwisha kuwachukia, nao hawakuandika neno. Lakini anayeinukuu nakala peke yake ananukuu mawazo ya mtu aliyekwisha kufikiri upya nini Uingereza isome. Naona makosa hayo hata katika vitabu vya shule.