Fidla Moja, Sauti Nyingi: Jinsi Bach Alivyoijenga Chaconne

Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685 na kufariki Leipzig mwaka 1750, katika uhai wake alisifika kwa kinanda cha kanisani kuliko kwa ala nyingine yoyote. Walakini mwaka 1720, alipokuwa katika utumishi wa mtawala Leopold wa Köthen, aliandika kwa mkono wake, kwa hati nzuri ya kupendeza, tungo sita za fidla peke yake, na mwisho wa utungo wa nne akaweka kipande kiitwacho Chaconne, ambacho kwa urefu kinavishinda vipande vinne vinavyokitangulia hata vikijumlishwa. Hupigwa kwa muda wa takriban robo saa. Wengi wamekisifu, na wanastahili shukrani. Mimi nataka kueleza kilivyofanyika.

Chaconne kwa asili ni dansi ya mapigo matatu ambayo sharti lake ni besi fupi, hapa ya vipimo vinne, irudiwe tangu mwanzo hata mwisho, ilhali juu yake nyimbo zinageuka na kugeuka tena. Sharti hilo ni jepesi kwa kinanda, chenye mikono miwili na miguu, na ni jepesi zaidi kwa kundi la wapigaji, kama lile la taarabu ambamo wasomaji wetu wameizoea fidla, kwa kuwa humo fidla huimba na wengine wakaishikilia kwa chini. Lakini fidla iliyo peke yake ina nyuzi nne tu, zilizoinuliwa juu ya kibao chenye mgongo wa mviringo, hata uta hauwezi kuzikalia zote kwa pamoja. Basi nani atakayeshika besi?

Jawabu la Bach ni kwamba ataishika msikilizaji. Tazama mwanzo wenyewe: wimbo hauanzi pigo la kwanza bali la pili, kwa sauti tatu, D, F na A, zilizopangwa moja juu ya nyingine; mpigaji huanza chini, uta ukapanda mara moja hadi juu, na sauti ya chini hukatika karibu pale pale ilipozaliwa, lakini sikio, likiwa limekwisha kuipokea, huendelea kuihesabu kuwa ipo. Baada ya kuifundisha besi hivyo kwa uwazi, Bach aanza kuiondoa. Sauti zilizoshikamana zayeyuka zikawa mstari mmoja wa noti za mbio, na katika mstari huo noti moja ya chini hudondoka mahali pake, kisha nyingine, D, C, B-flati, A, na mara nyingine hushuka kwa nusu hatua nusu hatua, nasi twazisikia zikiungana kwa chini ijapokuwa kati yake zimepita noti nyingi za juu. Hila hii hufanya kazi kwa sababu marudio ni mengi, kiasi cha mara sitini na nne. Besi iliyorudiwa mara mbili tatu isingalikaa katika kumbukumbu hata iweze kuachwa bila kupotea.

Mahali panaponistaajabisha zaidi ni kabla ya kufika nusu, ambapo Bach aliandika sauti zilizopangwa tupu, bila ya kuonyesha uta upite vipi, akaongeza neno moja tu, arpeggio, maana yake mpigaji azivunjevunje mwenyewe kwa namna aitakayo. Mtu aliyekuwa mwangalifu wa kila noti hapa ametoa idhini kamili, na kila ustadhi huitumia idhini hiyo kwa njia yake. Ndipo, baada ya msukosuko huo, ngazi ya D maina yageuka kuwa D meja, mwendo watulia, na noti moja yarudiwa mara tatu tatu mithili ya tarumbeta iliyo mbali. Kisha maina hurejea, na karibu na mwisho uzi wa A, usioguswa na kidole, hulia bila kukoma kati ya noti zinazotembea kwenye uzi wa jirani, hata fidla ikapata kwa muda mfupi ile sauti ya kudumu ambayo umbile lake limeinyima.

Husemwa kwamba kipande hiki ni maombolezo ya mkewe, Maria Barbara, aliyefariki Julai ya mwaka ule ule wa 1720. Yawezekana, lakini hati yenyewe haina neno juu ya jambo hilo, na huzuni iliyomo haihitaji shahidi.

Tungo hizi zilipigwa chapa kamili mwaka 1802, na mafundi waliofuata wakadhani zina upungufu: Mendelssohn aliiongezea Chaconne piano ya kuisindikiza, ikapigwa hivyo Leipzig mwaka 1840, na Schumann akafanya kadhalika kwa tungo zote sita. Heshima yao ni kubwa, lakini naona walikosea, kwani piano ilitamka kwa sauti kubwa kile ambacho msikilizaji alikuwa ameachiwa akikamilishe. Brahms alifahamu vizuri zaidi. Mwaka 1877 aliigeuza Chaconne kuwa ya piano, lakini kwa mkono wa kushoto peke yake, akamweleza mpiga piano Clara Schumann kwamba kwa njia hiyo tu ndipo alipojihisi kama mpiga fidla, maana mkono mmoja, kama uta, hulazimika kuiacha besi ili uufikie wimbo.