Kauntabuku la Jikoni

Wifi yangu hupanga chakula cha wiki kwa kuutazama mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, huwasha taa juu ya maji, na dagaa huifuata ile nuru. Mwezi ukishapevuka, taa haivuti tena, mitumbwi mingi hupumzika, na dagaa wabichi huadimika sokoni. Kwa hiyo wiki ya mbalamwezi, Jumanne yake haina dagaa wabichi. Ina wakavu wa Mwanza, aliowanunua bei ikiwa chini, akawatoa vichwa na kuwafunika kwenye ndoo. Anayekula ugali wake usiku huo anajua tu kwamba dagaa ni watamu.

Watu husifu mkono wa mpishi. Mimi siku hizi nasifu kauntabuku. Lake liko juu ya kabati la vyombo, limepata madoa ya manjano, na huandikwa Jumamosi jioni. Haanzi na anachotamani kupika, anaanza na kilichopo. Hufungua friji, akatazama nusu kabichi, nyanya zilizoanza kulainika, kipande cha tangawizi. Nyanya laini hupewa Jumapili na Jumatatu. Kabichi na karoti husukumwa hadi katikati ya wiki kwa sababu zinavumilia. Mchicha hauandikiwi siku hata kidogo, kwani huo hununuliwa kwa mama wa genge jioni ileile utakapoliwa. Baada ya hapo ndipo anapoandika vya kununua soko la Stereo, na orodha huwa fupi kuliko nilivyozoea kwangu.

Ufundi wenyewe nimeuona kwenye maharage. Huyaloweka Jumapili usiku, Jumatatu akamwaga yale maji na kuchemsha kilo nzima kwa mara moja, maana moto ni ghali, uwe wa gesi au wa mkaa. Nusu huyaunga kwa nazi, yakaliwa na wali. Nusu ya pili huipua kabla hajaitia chochote, si chumvi wala kitunguu, akaipoza na kuiweka kwenye friza. Jumatano yale maharage hukutana na mahindi yaliyokobolewa, yakawa makande. Siri iko kwenye kutokutia kitu. Maharage yakishaungwa yamekwisha kuchagua maisha yao, hayawezi kugeuka kuwa chakula kingine bila walaji kulalamika kwamba wanakula cha juzi. Yasiyoungwa bado yana uhuru, na yeye anajua kuulinda.

Kisamvu hukipeleka Jumamosi mchana, wala hakibanwi kati ya kutoka kazini na chakula cha usiku. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali inayozalisha sianidi. Kuyatwanga huifungua, na kuyachemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, huitoa na mvuke. Siku hizi kinasagwa kwa mashine palepale sokoni, ila jikoni haharakishi hata dakika moja.

Lazima niseme kwamba nazi hakuzaliwa nayo. Amekulia Sengerema, kwenye sato, dagaa na ugali, na alipoolewa na kaka yangu, sisi watu wa Tanga, kila chakula chetu kilikuwa kigeni kwake. Leo anapokuna nazi, tui zito la kwanza huliweka pembeni, akapikia lile jepesi la pili. Zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, mwiko ukizunguka bila kusimama hadi litokote, kwa sababu tui likikatika hakuna anayelirudisha. Nadhani ndiyo maana haogopi mapishi mapya: sehemu kubwa ya anachopika leo aliwahi kukijaribu kama mgeni.

Kipya ni kimoja tu kwa wiki, siku ya Alhamisi, na daima pembeni yake kuna sufuria ya kitu wanachokijua watoto. Zile ratiba za picha nzuri zenye vyakula saba vipya kwa siku saba zimeandikwa, naamini, na watu wasioosha sufuria.

Karibuni ilikuwa zamu ya mandi, chakula cha Hadhramaut kule Yemen. Kwao nyama huokwa ndani ya tanuri lililochimbwa ardhini, wali ukiwa chini yake ukipokea mafuta yanayodondoka. Video aliyoitazama ilitaka oveni. Hana. Badala ya kukata tamaa alijiuliza lile shimo linafanya kazi gani, akaona ni tatu: linaivisha kwa mvuke, linaulisha wali mafuta ya nyama, linatia moshi. Basi nusu kuku akaichemsha kwa hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, sufuria imefunikwa. Ile supu ikapikia wali. Kuku akapelekwa jiko la mkaa kukaushwa ngozi. Mwisho kaa la moto likawekwa ndani ya kibakuli juu ya wali, likadondoshewa mafuta, mfuniko ukarudi upesi kuzuia moshi.

Maji hakuyafuata ya kwenye video. Wale walitumia mchele wa basmati, yeye alikuwa na mchele wa Kyela wa mavuno mapya, ambao haunywi maji mengi na hugandana ukizidishiwa. Akapunguza, akapima kwa kikombe chake cha bati ambacho ndicho kipimo cha kila kitu nyumbani mle. Wali ulitoka ukichambuka. Hiliki ilizidi. Mtoto mkubwa alisema unanukia mishikaki, akaongezewa.

Kwenye kauntabuku, chini ya mandi, ameandika: “Hiliki ipungue. Kuku wa kienyeji hapana, anachelewa.” Chakula kimepandishwa hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia, kwa sababu kuku mzima ana bei yake. Alhamisi ijayo ni mtori, na mama wa genge ameshaambiwa: ndizi ziwe mshare, asilete bukoba.