Ukuta wa Sahani

Fundi wa chokaa huko Lamu hana haja ya kalibu. Anapaka ukuta, anangoja chokaa ishike bila kukauka, kisha anachukua kisu na kuanza kukata maua. Nimepata kumtazama mmoja, shavu karibu liguse ukuta, hasemi na mtu. Akichelewa chokaa inageuka jiwe. Akifanya pupa inabomoka. Kingo za kidaka chake, lile tundu la ukutani la kuwekea vyombo, hazilingani sawasawa, na ndiyo maana jicho halichoki kuzifuata.

Watu husifu milango ya Lamu kwa kuwa iko njiani, kila mpita njia anaiona. Mimi nasifu kilichofichwa. Waungwana wa karne ya 18 walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, nje hakuna pambo ila mlango, na upana wa chumba ukakomea pale boriti ya mkoko ilipokomea. Anasa waliiweka nyuma kabisa, katika chumba cha ndani: ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, na humo sahani na bakuli za Kichina zilizokuja na majahazi ya kaskazi, buluu juu ya nyeupe. Baadaye zikaja za Ulaya, zenye maua ya rangi kali. Wajuzi huzidharau hizo. Mimi hapana.

Nakumbuka bibi mmoja aliyenikaribisha ndani kwake. Zidaka zilikuwa tupu, isipokuwa kimoja kilichokuwa na Kurani na kingine chenye chupa ya marashi. Akanyoosha kidole. “Hapa, mwanangu, palikaa bakuli lenye ufa, lile la mama. Hapa sahani ya samaki wawili. Hii ya juu hatukuigusa watoto.” Akazitaja zote, safu kwa safu, bila kusita, kama anayehesabu tasbihi. Ziliuzwa moja moja, kila ada ya shule ilipodaiwa, kwa wanunuzi wa vitu vya kale waliobisha hodi kwa adabu. Hapakuwa na daftari wala namba nyuma ya sahani. Orodha ilikuwa yeye.

Sahani za Lamu zilizonusurika, baadhi zimo katika Makumbusho ya Lamu, karibu na siwa ya pembe ya Pate, lile baragumu la sherehe. Nashukuru. Lakini sahani iliyolazwa nyuma ya kioo imetengwa na ukuta uliochongwa ili kuipokea, na ukuta nao umebaki na matundu.

Kule Pate, kisiwa cha jirani, majumba kama haya yalikwisha kuanguka zamani, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akayalilia katika utenzi wake, Al-Inkishafi. Yeye aliona dola ikizama. Sisi tuna mji uliomo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na bado tunauziba kwa saruji! Saruji haipumui, unyevu na chumvi vinabaki ukutani, na chokaa ya kale inavimba na kubanduka, maua na yote.

Halafu kuna zidaka za kalibu. Katika hoteli moja nimeona ukuta mzima wa namna hiyo, kila tundu sawa na mwenzake, taa ndogo ndani yake, na sahani zilizobandikwa kwa gundi mgeni asije akazivunja. Mwenye hoteli ana haki na ukuta wake. Ila kibao cha mlangoni kilisema ni nyumba ya kiungwana, na hilo nalikataa.